Injini ilibadilishwa, rejista ikafuta ya zamani, na miezi yangu 14 ya bahari ikapotea nayo

#1 Fundi wa Chumbageni (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie. Jambo lenyewe limeninyima usingizi wiki ya tatu sasa, na naamini wapo mabaharia wengine limewakuta wasijue limetokea wapi.

Mimi ni mtu wa chumba cha injini, hapa hapa Tanga. Nilianza waipa, nikapanda oila, nikawa motamani (ngazi za chini za watu wa injini). Nimetafuta miezi 36 ya baharini kwa jasho ili niombe cheti cha umahiri cha afisa wa zamu wa injini. Anayeujua mkataba wa STCW (wa kimataifa, wa mafunzo na vyeti vya mabaharia) anajua hesabu hiyo: miezi 36 pamoja na mafunzo ya karakana, na katika hiyo isipungue 30 ndani ya idara ya injini. Ipo njia fupi ya miezi 12 kwa aliyepitia programu kamili yenye kitabu cha kumbukumbu za mafunzo melini. Mimi sikuipata njia hiyo, nikaenda na ile ndefu.

Katika miezi yangu, 14 niliitumikia meli moja ya mizigo ya mwambao. Tanga, Wete, Unguja, Dar, mara moja moja Mtwara. Bandari yetu ilikuwa haijachimbwa bado, gatini kina mita 3 tu, meli kubwa zinatia nanga nje na mzigo unaletwa kwa matishari. Sisi wadogo ndio tuliokuwa tunasogea gatini. Injini kuu ilikuwa ya kilowati 820. Nimefungua vichwa vya silinda zake kwa mikono hii, na kibati chake cha maelezo nakijua mpaka mikwaruzo.

Baada ya mimi kushuka, mwenye meli aling'oa ile injini akaweka ya kilowati 600. Ni haki yake, mafuta yanakula pesa. Usajili ukarekebishwa kama inavyotakiwa.

Sasa nimepeleka maombi. Mhakiki (ofisi siitaji, na yule kijana alinipokea kwa adabu) akaandika jina la meli kwenye kompyuta, ikaja 600. Kizingiti kinachotumika kwa cheti changu ni kilowati 750. Akaniambia, "Kaka, hii miezi 14 haihesabiki." Nikamfungulia kitabu changu cha ubaharia, muhuri upo, saini ya nahodha ipo, 820 imeandikwa kwa wino. Akajibu kwamba kitabuni mtu anaweza kuandika lolote, mfumo unasema 600.

Nimebaki na miezi 22. Mwaka mzima na zaidi wa maisha yangu haupo.

Ninachouliza ni viwili. Kwanza, wataalamu wa kompyuta mlio humu: mfumo wa kusajili meli na kutoa vyeti vya mabaharia ulipaswa kujengwa vipi ili hili lisitokee? Nguvu ya injini usiku ule nilipokuwa zamu haiwezi kubadilika hata meli ikatwe chuma chakavu. Pili, mabaharia wakongwe: ushahidi niutafute wapi?

#2 Tanga Raha

Pole sana mkuu. Nakaa hapa nifuatilie.

#3 Kijana wa Ngamiani

Pole kaka. Mimi naandika programu, nimewahi kufanya mifumo ya leseni, si ya meli, lakini ugonjwa huu naujua. Acha nieleze taratibu.

Mwandishi wa programu asiyewahi kupanda meli akiambiwa "tengeneza rejista ya meli", anachora jedwali. Kila meli mstari mmoja. Jina, bandari ya usajili, urefu, ujazo, nguvu ya injini, mmiliki. Meli ikibadilisha injini, karani anafungua ule mstari, anafuta 820, anaandika 600, anabonyeza hifadhi. Skrini inapendeza. Na hapo ndipo miezi yako 14 ilipofutwa, ingawa karani hakujua kama wewe upo duniani.

Dawa yake inajulikana. Kila sifa ya meli inayoweza kubadilika inaandikwa na tarehe mbili: tangu lini, hadi lini. Kilowati 820, tangu siku meli iliposajiliwa hadi siku ya ukaguzi wa injini mpya. Kilowati 600, tangu siku hiyo, hadi haijajulikana. Hakuna kinachofutwa, kinaongezwa. Mhakiki wa vyeti asiulize "meli hii ina kilowati ngapi?" Aulize "ilikuwa na ngapi kati ya tarehe aliyopanda na tarehe aliyoshuka?" Baharia akiwa ndani wakati injini inabadilishwa, mfumo umgawie muda wake vipande viwili wenyewe.

Ipo hatua ya pili ambayo wengi wanairuka, nayo ndiyo ngumu. Kubadilisha na kusahihisha ni vitu viwili tofauti. Injini mpya ikifungwa, hayo ni mabadiliko, meli yenyewe imebadilika. Karani akigundua kwamba tangu mwanzo aliandika 820 badala ya 280, huko ni kusahihisha, meli iko vile vile, aliyekuwa amekosea ni daftari. Kwa hiyo mfumo mzuri unatunza nyakati mbili: jambo lilikuwa kweli lini, na sisi tulilijua lini. Ukikosa huo wa pili, hutaweza kueleza kwa nini mwaka juzi ulimpa mtu cheti na leo unamwambia hakustahili.

Tena meli isitafutwe kwa jina. Jina hubadilika meli ikiuzwa, na meli mbili zaweza kuwa na jina moja. Meli kubwa ina namba ya IMO (shirika la kimataifa la bahari), tarakimu saba, inakaa na gamba la meli tangu kuundwa hadi kukatwa, ibadilishe jina au bendera mara ngapi. Namba hiyo ina kinga ndani yake. Chukua 9074729. Zidisha tarakimu sita za kwanza kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2 kwa kufuatana, unapata 63, 0, 35, 16, 21 na 4. Jumla 139. Jumla inaishia na 9, na namba nayo inaishia na 9. Karani akipotoka kidole tarakimu moja, mara nyingi programu itamkatalia pale pale. Kumbuka inakamata kidole kilichopotoka. Mwongo haimkamati.

#4 Mwana Sahare

Kijana wa Ngamiani umesema vizuri, ila umesema ya meli kubwa. Mimi nina mashua mbili na jahazi la kushirikiana na shemeji yangu. Huku kwetu namba ya IMO hakuna. Siku moja pale Deep Sea nilihesabu mashua tatu zenye jina moja, zimefungwa ubavu kwa ubavu.

Namba ya chombo kidogo inapigwa rangi omoni. Chombo kikiuzwa kutoka Moa kwenda Pemba, au Kigombe kwenda Kipumbwi, mnunuzi anapiga rangi yake, namba ya zamani imekwisha. Ukikisajili upya huko, kwenye kompyuta kinaonekana kimezaliwa leo, ilhali mkuku wake una miaka 20 na kiliwahi kupinduka na watu. Huo ndio wasiwasi wangu kila nikiona abiria wanapanda chombo kwenda kisiwani. Mkaguzi anatakiwa ajue historia ya mbao anazozikanyaga.

Lingine. Fomu nilizowahi kujaza zinaniuliza aina ya chombo na kunipa nichague "boti" au "nyingine". Ngalawa, dau, mashua, jahazi, vyote ni "nyingine". Ngalawa ina marengu mawili (mbao za kuelea ubavuni), jahazi lina staha na foromali (mti wa kushika tanga), hatari zao hazifanani, mzigo wao haufanani. Mtu akitaka kunisajili, chombo changu kwanza akiite jina lake.

#5 Nahodha Mstaafu, Raskazone

Nimesoma yote. Nilikuwa deki miaka mingi, ndani na nje.

Wanangu, hili mnalolitafuta karatasi ilikuwa nalo. Katika mapokeo ya sheria za bahari za Waingereza, mliki ya meli hugawanywa hisa 64, na rejista ilikuwa buku kubwa la wino. Mtu akiuza hisa 16, mrajisi hakung'oa ukurasa. Aliandika chini yake: siku fulani, hisa 16 zimetoka kwa huyu kwenda kwa yule. Ukitaka kujua meli ilikuwa ya nani mwaka wowote, unapitisha kidole kutoka juu. Namba ya usajili nayo ilichongwa kwenye boriti kuu ya meli, haikupigwa rangi. Mwana Sahare, jibu la mashua zako liko hapo: chongeni kwenye mti, ndani, mahali ambapo fundi akitaka kuitoa itabidi abomoe chombo.

Na meli za safari za kimataifa, za abiria zote na za mizigo kuanzia ujazo wa 500 (GT, kipimo cha ukubwa wa meli), tangu Julai 2004 zinabeba kumbukumbu endelevu ya historia yake, wenyewe tunaiita CSR. Bendera, jina, mmiliki, kampuni inayoiendesha, chama cha uainishaji (kinachokagua uimara wa meli). Kikibadilika kitu, inatolewa karatasi mpya yenye namba inayofuata, na ile ya zamani inabaki melini. Ukiingia ukakuta namba 1, 2, 4, unauliza mara moja: ya 3 iko wapi? Kwa bahati mbaya CSR haiandiki nguvu za injini, na meli yako ya mwambao pengine haikutakiwa kuwa nayo.

Sasa mwanangu Fundi, ushahidi wako. Kitabu chako ni upande mmoja wa maneno, unahitaji upande wa pili ambao hukuuandika wewe. Tafuta hati ya idadi ya chini ya mabaharia iliyokuwa na nguvu wakati ule. Ile hati inayosema meli isitoke bila nahodha mmoja wa daraja hili, chifu injinia wa daraja lile. Juu yake huandikwa nguvu ya injini kuu kwa kilowati, kwa sababu idadi na madaraja ya watu wa injini yanategemea nguvu hiyo. Imetolewa na mamlaka, ina tarehe. Wa pili, ripoti ya ukaguzi ya kabla ya injini kubadilishwa. Wa tatu, daftari la injini. Anza na chifu injinia wenu wa wakati ule, hao huwa wanahifadhi nakala.

#6 Fundi wa Chumbageni

Shikamoo Kepteni. Hiyo hati naikumbuka, ilikuwa imebandikwa ukutani brijini ndani ya fremu. Sikuwahi kuisoma hata siku moja. Chifu wetu amestaafu, yuko Pangani. Nitamfuata.

#7 Nahodha Mstaafu, Raskazone

Marahaba. Mfuate kesho, usingoje.

#8 Binti wa Pangani

Habari zenu. Mimi kazi yangu ni kupokea vyeti vya mabaharia na kuvihakiki kabla hawajapelekwa kwa waajiri wa nje. Naomba nichangie upande wa vyeti, maana mmezama kwenye meli.

Mwajiri aliye Ugiriki au Singapore hana shida na uzuri wa karatasi yako. Anachotaka ni aliyeitoa ajibu haraka: cheti hiki ni chako, kinaishi, kimesimamishwa au kimefutwa? Tangu 1 Januari 2017, STCW inazitaka nchi wanachama ziweke taarifa za hali ya vyeti zipatikane kwa njia ya kielektroniki. Na tangu 1 Januari 2025 mkataba unakubali cheti chenyewe kiwe cha kielektroniki, si lazima karatasi. Nimeona kijana amekosa mkataba wa miezi tisa kwa sababu swali letu halikujibiwa kwa siku kumi na meli ikang'oa nanga. Cheti chake kilikuwa halali kabisa. Kilichokosekana ni mtu au mashine ya kusema "ndiyo".

Msimbo wa QR kwenye cheti ni mzuri, ila watu wanauamini kupita kiasi. Tapeli anaweza kuchapa QR yake inayompeleka mtu kwenye ukurasa alioutengeneza mwenyewe, wenye nembo na tiki ya kijani. Mimi siku hizi siskani. Naingia mwenyewe kwenye anwani ya mamlaka inayoishia go.tz, naandika namba ya cheti kwa mkono.

Tarehe ndizo zinazowaangusha wengi. Cheti cha umahiri kinaishi miaka mitano, na kukihuisha unatakiwa uwe umefanya kazi baharini angalau miezi 12 ndani ya miaka hiyo mitano, au mitatu ndani ya miezi sita ya mwisho. Cheti cha afya kinaishi miaka miwili tu, na mwaka mmoja kwa aliye chini ya miaka 18. Basi mtu ana cheti cha umahiri cha miaka mitano, anatembea kifua mbele, afya yake imeisha Februari. Mfumo unajua tarehe zote hizo. Kwa nini usimtumie ujumbe wa simu miezi mitatu kabla?

Na kitu ambacho nakisisitiza kwa moyo wangu wote: ukurasa wa uhakiki usioneshe ugonjwa wa mtu. Mwajiri anatakiwa kuona "anafaa", au "anafaa kwa masharti" na masharti yenyewe, basi. Nimewahi kuletewa skani ya fomu nzima ya daktari, imepita kwenye mikono ya watu sita. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Baharia naye ni mtu.

#9 Mdau wa Bandari

Swali la mtu asiye fundi. Kwa nini meli zisiwe kwenye mfumo wake na mabaharia kwenye wao? Naona mnataka kuviunganisha, mnazidisha ugumu.

#10 Kijana wa Ngamiani

Kwa sababu cheti cha baharia kinasimama juu ya meli, mkuu. Soma madaraja yenyewe. Deki: chini ya ujazo wa 500, 500 hadi 3,000, na 3,000 kwenda juu. Injini: kilowati 750 hadi 3,000, na 3,000 kwenda juu. Hizo ni sifa za meli, zinaingia kwenye cheti cha mtu. Ukizitenga, mhakiki wa vyeti atategemea nakala iliyotolewa kwenye rejista ya meli siku fulani, au atategemea kilichoandikwa kitabuni na nahodha. Kaka yetu kaangukia hapo katikati.

Zikiunganishwa, nahodha anapomwandikia baharia muda wake, anachagua meli kutoka kwenye rejista, hapigi kilowati kwa mkono. Na mfumo unaweza kukataa yasiyowezekana: mtu mmoja hawezi kuwa kwenye meli mbili siku moja, hawezi kupanda meli ambayo ilishafutwa usajili, hawezi kuwa na miezi ya bahari kwenye meli iliyokuwa juu ya chelezo kwa matengenezo mwaka mzima.

Nakubaliana na Kepteni kuhusu buku la wino, na imenigusa. Sisi tuliokuja na kompyuta tulileta kifutio mahali ambapo hakikuwepo.

#11 Nahodha Mstaafu, Raskazone

Mdau, kuna sababu ya pili. Nchi yetu ina bendera moja na rejista mbili. Bara ni TASAC, shirika la wakala wa meli, iliyopokea kazi hizi kutoka iliyokuwa SUMATRA, mdhibiti wa usafiri wa zamani. Zanzibar ni ZMA, mamlaka ya bahari ya huko, nayo ina rejista ya kimataifa inayopokea meli za wageni. Meli ikifanya uovu ughaibuni, dunia inasema "Tanzania", haiulizi ni rejista ipi.

Mtakumbuka 2012, meli za mafuta za Iran zilikutwa zimepewa bendera yetu kupitia wakala wa nje, zikafutwa baada ya kelele za dunia. Januari 2018 Rais Magufuli akaagiza usajili wa meli za nje usimame na meli 470 zichunguzwe, baada ya nyingine kukamatwa na silaha na dawa za kulevya. Bendera yetu imekaa miaka mingi kwenye orodha nyeusi ya Paris MoU (makubaliano ya ukaguzi wa meli za kigeni bandarini, hasa Ulaya), na meli ya bendera ya namna hiyo inakaguliwa mara nyingi zaidi bandarini Ulaya. Baharia mwema aliyemo anaumia pamoja na mwenye meli mbaya.

Ndiyo maana nataka rejista iwe na mlango mmoja wa kuuliza, hata kama vyumba ni viwili. Mrajisi wa Dar aone, kabla hajagonga muhuri, kama meli hiyo ilifutwa Unguja mwezi uliopita, na kwa nini.

#12 Mwana Sahare

Na mtandao? Mnaongea kama wote tuko mjini. Kule Moa mkaguzi anapanda juu ya mnazi kutafuta mawasiliano.

#13 Kijana wa Ngamiani

Hoja ya kweli, nilipaswa kuanza nayo. Simu ya mkaguzi ibebe nakala ya vyombo vya eneo lake. Anakagua bila mtandao, anapiga picha ya namba iliyochongwa, akirudi mjini inapanda yenyewe. Wakaguzi wawili wakiandika tofauti juu ya chombo kimoja siku moja, mfumo usichague wa mwisho na kumtupa wa kwanza. Uziweke zote mbili, mtu mzima aamue. Na malipo nayo: kontrol namba itoke baada ya ukaguzi kuingia, isiwe sababu ya chombo kurudishwa pwani siku mbili.

#14 Binti wa Pangani

Niongeze la Tanga yenyewe. Gati sasa lina mita 450 na kina cha mita 13. Bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima linaishia Chongoleani. Tagi (boti za kuvuta meli), boti za marubani, boti za huduma, vyote vinataka watu wenye vyeti vinavyohakikika. Vijana wetu wakishindwa kuthibitisha miezi yao, nafasi zitajazwa na watu wa nchi ambazo mfumo wao unajibu kwa dakika mbili. Hilo linaniuma.

#15 Fundi wa Chumbageni (mleta uzi)

Wakuu, nimerudi. Zimepita siku tisa.

Nilikwenda Pangani. Chifu alinipokea, tukala, ndipo akafungua sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda. Hati ya idadi ya chini ya mabaharia alikuwa nayo nakala, imeliwa na mende pembeni, lakini katikati inasomeka: nguvu ya injini kuu kilowati 820. Tarehe ya kutolewa ni miezi miwili kabla sijapanda. Alikuwa na madaftari mawili ya injini pia, na mwandiko wangu umo, zamu ya saa sita usiku hadi saa kumi, joto la maji, shinikizo la mafuta. Nilishika yale makaratasi nikashindwa kuzungumza.

Nimepeleka ofisini. Yule kijana aliyaangalia muda mrefu, akampelekea mkuu wake, na jana nimepigiwa simu: miezi 14 imekubaliwa. Nimepangiwa mtihani wa mahojiano mwezi ujao.

Ila nilimwomba anioneshe skrini tena. Bado inasema 600. Amekubali kwa faili langu tu, kwa mkono, rejista haina mahali pa kuiandika ile 820. Nimewaandikia barua kuomba historia ya injini iingizwe, nimeambatisha nakala ya hati, na chifu ametia saini.

Kwenye yale madaftari mawili nimehesabu majina 11 ya watu wa injini tuliopishana ndani ya meli ile. Wanne najua walipo. Kama ulifanya kazi kwenye meli ya mizigo ya mwambao kati ya Tanga na Wete, na chifu wenu alikuwa mzee wa Pangani, nitumie ujumbe wa faragha. Nitakutolea nakala, usije ukaambiwa nilichoambiwa mimi.